Johann Ludwig Krapf na Misiba Yake

Mtu akivuka kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda upande wa bara, mahali paitwapo Nyali, ataonyeshwa kaburi la kale. Ndani yake amelala mwanamke wa Kizungu aliyefariki mwezi wa Julai mwaka wa 1844, na pamoja naye mtoto wake mchanga aliyeishi siku chache tu. Leo mahali pale pamezungukwa na nyumba za mji. Lakini siku zile palikuwa na njia ya miguu tu, ambayo Wanyika, ndio waitwao sasa Wamijikenda, walipitia wakienda kisiwani na kurudi kwao.

Mumewe alikuwa Daktari Johann Ludwig Krapf, na jina lake twalijua sote tusomao lugha hii, kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia kuandika sarufi yake na kujaribu kufasiri Maandiko Matakatifu kwa Kiswahili. Walakini safari hii, wapenzi ndugu, hatukusudii kueleza habari za vitabu vyake. Twataka kutazama jambo moja katika maisha yake, nalo ni jinsi alivyoyafahamu mambo yaliyompata. Kwa maana twaona kila siku katika sharika zetu kwamba watu wawili hupatwa na msiba ulio mmoja, naye huyu huvunjika asiinuke tena, na yule husimama akaendelea na kazi yake. Walimu wetu wa vijiji wanalijua neno hili kuliko sisi tuandikao, maana wao ndio waitwao kwanza penye kilio, nao huulizwa pale swali ambalo halijibiki upesi: jambo hili lina maana gani?

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika nchi ya Württemberg iliyo kusini ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima wasio na shida kubwa, Wakristo wa Kanisa la Kilutheri. Alipokuwa na umri wa miaka 11 jirani mmoja alimpiga vibaya sana kwa kosa asilolitenda. Alimdhania kuwa ni kijana mwingine aliyemuudhi. Mapigo yale yalimtia ugonjwa, akalala kitandani muda wa miezi 6. Hebu tufikiri kidogo. Kupigwa bila hatia, tena na mtu mzima, hata mwili ukaharibika: ni watu wangapi tunaowajua ambao jambo kama hili limewafuata mpaka uzee wao, wakawa na kinyongo na majirani wote, na pengine na Mungu pia?

Pale kitandani kijana hakuwa na kazi. Akasoma Biblia, hasa habari za wazee wa Agano la Kale, akaanza kuwaza mambo ya milele. Alipopona na kurudi shambani wakati wa mavuno, aliketi na wavunaji akawasimulia hadithi alizozisoma, nao wakamsikiliza kwa furaha, hata wengine wakamwambia baba yake kwamba mtoto huyu hana budi kuwa mchungaji. Krapf alipokuwa mtu mzima akaandika habari za maisha yake, aliyaweka mapigo yale mwanzoni, akayahesabu kuwa mlango ambao Mungu alimfungulia. Tuangalie vema. Hakusema kwamba jirani alitenda haki. Dhuluma ilibaki kuwa dhuluma. Alichokataa ni kumwachia jirani yule awe ndiye mwenye neno la mwisho juu ya maisha yake.

Baada ya hayo likatokea jambo dogo. Baba yake alimtuma dada yake mjini Tübingen kununua kalenda ya mwaka mpya. Dada akaingia katika nyumba ya mjane wa mchungaji mmoja, na katika mazungumzo akamtaja ndugu yake apendaye kusoma. Mjane yule akashauri kijana apelekwe skuli ya Kilatini, na ndivyo ilivyokuwa. Huko skulini alipata kitabu cha ramani, akaona ya kuwa upande wa mashariki wa Afrika, katika nchi za Adal na Somali, karatasi ilikuwa karibu tupu, haina majina ya miji. Siku nyingine mkuu wa skuli akawasomea wanafunzi habari za kuhubiri Injili kwa mataifa ya mbali, na maneno yale yakamshika moyo. Wakati wa likizo akafunga safari kwa miguu mpaka Basel, kwenye chuo cha wamisionari, na katika mwaka wa 1827 akapokewa kuwa mwanafunzi wao.

Lakini asidhani mtu kwamba Krapf alizaliwa na kipawa cha kuona heri katika kila jambo. Huko Basel alijitia katika kusoma vitabu vya watu wa siri za rohoni, kama vile Madame Guyon na Jakob Böhme, akaanza kuupekua moyo wake usiku na mchana. Kila udhaifu aliouona ndani yake aliusoma kuwa ni ushahidi kwamba hafai. Alipojiona hana bidii ya kutosha, alidhani ni ishara ya kukataliwa. Alipoingiwa na shaka, shaka yenyewe ikawa hukumu. Katika mwaka wa 1829 akauacha ule wito, akatoka chuoni. Akasoma elimu ya dini katika Chuo Kikuu cha Tübingen mpaka mwaka wa 1834, akawa msaidizi wa wachungaji vijijini. Hakuna mtu aliyekuwa amemtenda neno baya katika miaka ile. Hakuwa mgonjwa, wala hakufiwa, naye chakula kilikuwapo. Walakini ilikuwa miaka ya giza kwake kuliko mingine ambayo tutaieleza hapa chini, ambayo ilikuwa na vifo ndani yake. Twaomba msomaji aliweke neno hili moyoni, maana ni la ajabu.

Aliyemwondoa katika giza lile alikuwa mmisionari mmoja Mswedi, jina lake Fjellstedt, ambaye alizungumza naye na kumtia moyo auangalie wito wake tena. Hatuna budi kuona hapa ya kuwa mtu aliyekwama katika maana mbaya hawezi mara nyingi kujikwamua peke yake. Huhitaji mwenziwe wa kumwambia kwamba amejisoma vibaya. Krapf akajitoa tena, na Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza kikamchukua, kwa kuwa siku zile chama hicho kilipokea Walutheri wengi wa kutoka Ujerumani. Mwaka wa 1837 akasafiri kwenda Uhabeshi.

Kazi ya Uhabeshi tutaipitia upesi. Alifika Adwa mwisho wa mwaka ule, na mwaka wa 1838 yeye na wenzake wakafukuzwa. Mwaka wa 1839 akaingia Shoa kwa mfalme Sahle Selassie, akakaa huko karibu miaka 3, akijifunza lugha ya Waoromo, ambao siku zile waliitwa Wagalla. Mwaka wa 1842 alipokuwa akienda pwani alinyang'anywa vitu vyote na mkuu mmoja wa Wollo, akafika Massawa kama mwombaji. Kutoka hapo akaenda Misri, na mjini Alexandria akamwoa Rosine Dietrich aliyetoka Basel. Bibi huyu alikuwa ameposwa kwanza na mmisionari mwingine, lakini mchumba wake akafa kabla ya ndoa. Angaliweza kuhesabu kwamba Mungu amemfungia njia ya kazi ile. Yeye alihesabu kwamba wito ulikuwa wake mwenyewe, wala haukufa pamoja na mchumba.

Wakajaribu kuingia Uhabeshi mara ya pili, kwa njia ya Massawa. Katika nyika ya Washoho, mwaka wa 1843, Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake. Mtoto akabatizwa, naye hakuishi. Jina walilompa lilikuwa Eneba, maana yake kwa Kihabeshi ni chozi.

Tusimame hapa kidogo. Tutaona baadaye kwamba Krapf alikuwa mtu wa kuona ushindi hata katika kaburi. Lakini mtoto wake wa kwanza hakumwita Ushindi, wala hakumwita Tumaini. Alimwita Chozi. Wako Wakristo wadhanio kwamba imani ni kutolia, nao huwakemea wenye msiba ili wanyamaze upesi. Na sisi tumepata kusikia maneno ya namna hii yakisemwa makaburini, tena kwa sauti kubwa. Watu hawa wawili hawakuwa hivyo. Chozi lilikuwa chozi, nao walilitia maji ya ubatizo wakalizika katika nchi ngeni.

Mlango wa Uhabeshi ukafungwa kabisa. Krapf akaketi Aden akitafakari: je, kufungwa kwa mlango ni mwisho wa safari, ama ni kuonyeshwa mlango mwingine? Akakumbuka kwamba Waoromo walienea mpaka kusini, hata huenda wakafikiwa kutoka pwani ya Waswahili. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1843 wakapanda chombo cha Waarabu. Chombo kikaingiwa na maji karibu kuzama, wakaokolewa na chombo kingine na kurudishwa Aden. Wakapanda tena. Tarehe 7 Januari 1844 wakafika Unguja, na Sayyid Said, Sultani wa nchi, akampokea Krapf kwa heshima, akampa barua kwa maliwali wake ili wamtendee mema. Miezi michache baadaye Krapf na mkewe walikuwa wamekwisha panga nyumba Mombasa.

Tarehe 8 Juni 1844 Krapf alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Kitabu kile, kama tujuavyo, chamalizika kwa habari za Yusufu, ambaye ndugu zake walimuuza, naye baada ya miaka mingi akawaeleza ni nini alichokiona katika kuuzwa kwake. Hakutafuta kuufuta uovu wao; aliuweka ndani ya kusudi lililo kubwa kuliko wao. Krapf alikuwa ameanza kazi hii kwa muda wa majuma machache tu, wakati homa ilipoingia nyumbani mwake.

Homa ile ilimshika Rosine mwanzo wa mwezi wa Julai, naye alikuwa karibu kujifungua. Mtoto akazaliwa, wa kike tena. Krapf mwenyewe alikuwa amelala kwa homa hiyo hiyo, hata hakuweza kuinuka ila kwa shida kubwa. Fikirini nyumba ile: mume kitanda hiki, mke kitanda kile, mtoto mchanga katikati, wala hakuna ndugu wa kuwapa maji ila watu wa mji waliowahurumia. Rosine akajua kwamba anakufa. Akawaombea jamaa zake, akaiombea kazi ya Injili katika Afrika ya mashariki, akamwombea na Sultani pia. Kisha akatoa neno juu ya kaburi lake. Aliomba azikwe upande wa bara, karibu na njia wanayopita Wanyika, ili kila apitaye akumbuke ni kwa nini mgeni huyu alikuja katika nchi yao. Akafa. Siku chache zikapita, na mtoto naye akafa, akalazwa pamoja na mama yake.

Sasa yafaa tuseme wazi jambo ambalo husahauliwa katika habari hii ikisimuliwa. Watu humsifu Krapf kwa barua aliyowaandikia wakuu wa chama chake baada ya mazishi, ambayo aliwaarifu kwamba sasa liko kaburi la pekee katika pwani ya Afrika, wakalihesabu kuwa ni alama ya vita vilivyoanza. Na kwa kuwa Kanisa hushinda kwa kupita juu ya makaburi ya watu wake, waamini kwamba saa ya Afrika ya mashariki imekaribia. Barua hiyo ilisomwa katika nchi nyingi. Lakini aliyelipa kaburi maana yake kwanza hakuwa Krapf. Alikuwa ni Rosine mwenyewe, alipolichagulia mahali pake kando ya njia. Mume alilisoma tu neno ambalo mkewe alikuwa amekwisha kuliandika.

Tena twaona kwamba maneno kama yale ya Krapf ni ya hatari kinywani mwa mtu asiyestahili kuyasema. Kama mmoja wa wakuu wale, akiketi mbele ya moto nyumbani kwake Ulaya, angalimwandikia Krapf kwamba asihuzunike, maana kifo cha mkewe ni alama njema kwa kazi, tungalimwita mtu mgumu wa moyo, na haki ingalikuwa yetu. Maneno ni yale yale, lakini mwenye haki ya kuyanena ni yule aliyefiwa. Ndugu zetu walimu, mtuwie radhi tukisema kwamba neno hili latuhusu sana. Tufikapo penye msiba twaharakisha kumwambia mama aliyefiwa kwamba ni mapenzi ya Mungu, na twasema hivyo pengine kwa kuwa sisi wenyewe hatuwezi kuvumilia kimya cha nyumba ile. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku 7 walipoketi chini bila kusema neno; walikosa walipofumbua vinywa.

Na neno jingine twaongeza hapa kwa ufupi. Siku zile hapakuwa na aliyejua kwamba homa ya pwani huletwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa na Ronald Ross miaka mingi baadaye, katika mwaka wa 1897. Kama Krapf angalijua, angalitundika chandarua, wala asingalimkosea Mungu kwa kufanya hivyo. Kutafuta maana ya kifo kilichokwisha kutokea ni kazi moja. Kukizuia kifo kinachoweza kuzuiwa ni kazi nyingine, na hii ya pili hutangulia. Tumewahi kusikia mtu akikataa kumpeleka mtoto wake hospitali kwa kusema kwamba likiwa la Mungu litakuwa. Mtu huyo asijifananishe na Krapf.

Baada ya mazishi Krapf alikaa Mombasa karibu miaka 2 peke yake, akiandika maneno ya Kiswahili na Kinyika. Tarehe 10 Juni 1846 akafika mwenziwe, Johannes Rebmann, Mlutheri wa Württemberg kama yeye, na mara Rebmann naye akashikwa na homa. Walakini tarehe 25 Agosti wakahama kwenda Rabai, juu ya vilima, kuanza kituo chao. Walikuwa dhaifu wote wawili, na punda alikuwa mmoja tu, ikawa hupokezana kumpanda. Krapf alipokumbuka siku ile alisema kwamba ni shida kupata kazi ya misioni iliyoanzwa na watu wanyonge namna hiyo. Lakini unyonge ule uliomtoa Basel mwaka wa 1829, safari hii haukumfukuza. Alikuwa mtu yule yule, na udhaifu wake ulikuwa mkubwa kuliko wa zamani. Zamani aliusoma kuwa ni kukataliwa. Sasa aliusoma kuwa ndiyo hali ambayo Bwana hupenda kuanza nayo.

Safari za miaka ile zinajulikana. Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro wenye theluji tarehe 11 Mei 1848, na Krapf akauona mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849, alipokuwa Kitui kwa Kivoi, mkuu wa Wakamba. Na wako wataalamu wa Ulaya waliowacheka wote wawili, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Katika mwaka ule wa 1849 alifika kijana mmoja, Johannes Wagner, pamoja na Jakob Erhardt. Na tarehe 1 Agosti Wagner alikuwa amekwisha kufa. Mwaka wa 1851 wakaja wengine, na mmoja wao, Pfefferle, akafa upesi, na mafundi wa mikono waliokuja nao wakaugua wakarudi kwao.

Katika mwaka huo huo wa 1851 Krapf akaenda tena Ukambani. Mwezi wa Agosti, karibu na mto Tana, msafara ulishambuliwa na wanyang'anyi, Kivoi akauawa, na watu wakatawanyika. Krapf akabaki peke yake nyikani, hana chakula. Alipopata mto akanywa, akatia maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake, na katika mitutu ya bunduki yake pia, apate kunywa njiani. Aliporudi kwa jamaa za Kivoi hawakumpokea kwa huruma. Walimlaumu kwa nini hakufa pamoja na rafiki yake, ama kwa nini hakumponya kwa nguvu zake. Na tazameni, wao nao walikuwa wakitafuta maana ya msiba wao, wakaipata ndani ya mgeni. Akatoroka usiku, na baada ya taabu nyingi akafika Rabai.

Je, Krapf alisoma sawasawa kila jambo lililompata? La, hasha. Aliamini kwamba Waoromo wakiisha kuwa Wakristo watakuwa kwa Afrika kama vile Wajerumani walivyokuwa kwa Ulaya, na kwa tumaini hilo alitafuta njia ya kwao miaka mingi. Haikufunguka mkononi mwake. Aliwaza tena mstari wa vituo vya misioni kutoka pwani ya mashariki mpaka pwani ya magharibi, na mstari ule haukujengwa katika siku zake. Aliharakisha kuona kidole cha Mungu, na mara nyingine kidole kile kilikuwa cha ramani yake mwenyewe. Rebmann hakuwa hivyo. Yeye alipenda kukaa mahali pamoja na kungoja, nao wawili hawakupatana sikuzote katika jambo hili. Rebmann alikaa nchini miaka 29, akamzika mkewe, akapofuka macho, wala sharika yake haikuwa kubwa. Sisi tukipima, hatuwezi kusema ni nani kati yao aliyesoma vizuri zaidi. Lakini mmoja aliyetangulia katika mavuno yao hakuwa mfalme wala mkuu wa Waoromo. Alikuwa Mringe, kiwete wa Kinyika, na Krapf, mtu wa mipango mikubwa, alikuwa na moyo wa kutosha kulipokea hilo kwa shukrani.

Mwili wake ukamshinda, akaiacha kazi ya pwani mwaka wa 1853, na toka mwaka wa 1855 akakaa Korntal, katika nchi yake. Akaoa tena, akapata binti. Hakuketi bure. Mwaka wa 1858 kitabu cha safari zake kilitolewa kwa Kijerumani, na mwaka wa 1862 alikuwa Mombasa tena, akiwasaidia Wamethodisti kuanza kazi huko Ribe. Mwaka wa 1875 Rebmann alirudi Ulaya, kipofu, akaja kukaa Korntal karibu na mwenziwe wa zamani, na humo akafa mwaka uliofuata. Wazee wawili hawa, waliokuwa wamepokezana punda mmoja kwenye kilima cha Rabai!

Katika mwaka huo huo wa 1875, upande ule wa bara unaoelekea kisiwa cha Mombasa, ng'ambo alikozikwa Rosine, pakaanzishwa mji wa watumwa waliowekwa huru, ukaitwa Frere Town. Kengele ya kanisa ikalia mahali ambapo zamani palipita Wanyika na mizigo yao. Na katika mwaka wa 1886 wakafika Jimba, karibu na Rabai, wamisionari wa Kilutheri wa kutoka Bavaria, ambao chama chao kilianzishwa kwa kuvutwa na habari za Krapf. Baadaye kazi yao ikatiwa mkononi mwa Misioni ya Leipzig, ile iliyokwenda Kilimanjaro mwaka wa 1893 na kuanza Machame. Kwa hiyo sharika za Kilutheri za mlimani zina undugu na kaburi lile la Nyali, ijapokuwa wengi wetu hatujaliona.

Krapf mwenyewe hakuyaona haya ya mwisho. Siku ya Jumamosi, tarehe 26 Novemba 1881, alizungumza na rafiki yake juu ya kuja kwake Bwana, kisha akaingia chumbani kwake kulala. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili, ambayo maneno yake alianza kuyakusanya Mombasa mwaka wa 1844, katika ile nyumba ya vitanda viwili, ilipigwa chapa London mwaka uliofuata.